Vilele vya Wote Juu ya Ziwa Luzern

Kila Jumamosi ya kiangazi, jua likiwa bado chini, gati la mji wa Luzern katikati ya Uswisi hujaa watu waliovaa viatu vizito vya kupandia milima. Stesheni ya reli iko ng'ambo ya barabara tu, kwa hiyo abiria wanaoshuka kwenye treni za alfajiri hupita moja kwa moja hadi melini. Wamo wazee wenye fimbo mbili mkononi, baba aliyembeba mtoto mgongoni, mwalimu anayehesabu wanafunzi wake kwa mara ya tatu, na wafanyakazi wa kigeni walio katika siku yao ya mapumziko. Mikobani mna mkate, jibini, maji na koti la mvua. Saa chache baadaye watakuwa wametawanyika kwenye vilele vinavyolizunguka ziwa, na jioni meli zilezile zitawarudisha mjini.

Ziwa Luzern liko mita 434 juu ya usawa wa bahari, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 114, na kina chake kinafika mita 214. Limejikunja kati ya milima, likaingia kila bonde lililolipa nafasi, hivyo meli ikipinda rasi moja unaona maji mengine ambayo hukuyatarajia. Ukitoka Luzern, mlima Rigi unakaa kushoto kwako, Bürgenstock kulia, na Pilatus unabaki nyuma ukiutazama mji. Mbele zaidi, baada ya Brunnen, maji yanageukia kusini na kuingia kati ya kuta za mawe: huo ndio mkono wa Uri, sehemu ya ziwa yenye ukali kuliko zote.

Milima ya Alps tumezoea kuisikia katika habari za mabingwa, watu wa kamba na shoka za barafu, Matterhorn na Eiger. Vilele vya ziwa hili ni vya namna nyingine. Rigi haufiki mita 1,800. Fronalpstock una mita 1,921, na Pilatus, ulio mrefu kati ya hii mitatu, una mita 2,128. Lango la Marangu, pale ambapo mgeni wa Kilimanjaro anajiandikisha kabla hajapiga hata hatua moja ya safari, liko juu kuliko kilele cha Rigi. Anayetafuta urefu wa kujivunia atafute kwingine. Mimi huja kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo uzuri wa mlima umewekwa mikononi mwa watu wa kawaida kwa makusudi kiasi hiki: ukaandikiwa sheria, ukachorewa alama, ukajengewa njia, halafu watu wakakubali kuitunza njia hiyo mwaka baada ya mwaka.

Tuanze na Rigi, na tuupande kwa miguu kutoka Weggis. Kijiji hiki kiko kando ya maji, kimekingwa na upepo wa kaskazini, na hali yake ya hewa ni ya upole kiasi kwamba mitende na mitini inaota kwenye bustani za ufukweni. Njia inapita kwanza kati ya miti ya matunda na zizi la ng'ombe, kisha inaingia msituni na kuanza kupanda bila huruma. Ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 hadi kileleni. Hapa mwenye haraka hujulikana baada ya nusu saa, kwa maana anakuwa ameketi juu ya gogo akihema huku bibi wa miaka sabini akimpita kwa mwendo uleule aliotoka nao gatini na kumwachia salamu.

Njiani kuna lango la mawe liitwalo Felsentor. Miamba mikubwa imeanguka kutoka juu, ikaegemeana, na njia ikapita katikati yake. Simama hapo uuguse mwamba. Utaona si jiwe moja. Ni kokoto za mviringo, nyingine nyeupe, nyingine za kijani, nyingine nyekundu, zimeshikana kama karanga kwenye kashata. Kokoto hizo zilifanywa laini na mito. Alps zilipokuwa bado zinainuka, miaka ipatayo milioni 25 hadi 30 iliyopita, mito iliyatoa mawe milimani na kuyamwaga chini kwenye tambarare, tabaka juu ya tabaka, yakagandamana. Baadaye msukumo uleule uliojenga Alps uliyabeba matabaka hayo na kuyainamisha. Ndiyo kusema kwamba Rigi, unaoupanda leo kwa jasho, ni kifusi cha milima mingine iliyokuwepo kabla yake. Ukiwa na mtoto, mwonyeshe kokoto moja iliyochomoza ukutani, aishike. Atauelewa mlima kuliko kwa kusoma kitabu.

Kuinama kwa matabaka hayo kumewahi kuua. Ng'ambo ya bonde, mkabala na Rigi, kuna mlima Rossberg wa mwamba wa aina hiyohiyo. Kati ya kokoto zilizogandamana mna matabaka ya udongo mzito, na udongo huo ukilowa sana unateleza. Mwaka 1806, baada ya mvua nyingi, jioni ya tarehe 2 Septemba, mteremko mzima uliachia. Kiasi cha mita za ujazo milioni 40 za mawe na udongo ziliporomoka juu ya kijiji cha Goldau na vitongoji vyake. Watu 457 walikufa. Sehemu ya kifusi iliingia kwenye ziwa dogo la Lauerz na kuinua wimbi lililobomoa nyumba za upande wa pili. Uswisi, iliyokuwa bado muungano uliolegea wa majimbo yenye kununiana, ilichangisha msaada nchi nzima kwa ajili ya watu wa Goldau. Leo treni za kwenda Italia zinasimama Arth-Goldau, stesheni iliyojengwa juu ya kifusi kile, na kati ya mawe makubwa yaliyoporomoka pana hifadhi ya wanyama ambamo familia hutembea Jumapili. Kutoka Rigi kovu la Rossberg linaonekana wazi hadi leo, mstari mpana uliochubuliwa mlimani. Kila ninapokaa kuutazama mlima huo hunijia kwamba jioni ile ya Septemba kulikuwa na watu waliokuwa wakipika chakula cha usiku.

Ukitoka Felsentor unafika Kaltbad, kijiji kisicho na magari, chenye chemchemi ambayo zamani wagonjwa walikuja kuoga wakiamini maji yake yanaponya. Hapo utasikia treni. Reli ya Rigi ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1871 kutoka Vitznau, na ndiyo reli ya kwanza ya kupanda mlima barani Ulaya. Mhandisi wake, Niklaus Riggenbach, alizaliwa tarehe hiyohiyo ya Mei, mwaka 1817. Aliweka katikati ya reli ngazi ya chuma, na chini ya injini gurudumu lenye meno linaloshika vipandio vya ngazi hiyo, hivyo treni haitelezi hata mteremko ukiwa mkali. Miaka minne baadaye reli ya pili ilipanda kutoka upande wa Arth.

Kabla ya reli, matajiri walipandishwa Rigi wakiwa wameketi kwenye viti vilivyobebwa na wanaume wa Weggis na vijiji jirani, au kwa farasi. Malkia Victoria wa Uingereza naye alifika mwaka 1868, kabla ya treni. Wapagazi wale walikuwa na familia, na treni iliwanyang'anya kazi katika misimu michache. Vitabu vya wageni vinasimulia kwa furaha jinsi safari ilivyokuwa rahisi baada ya 1871. Wabebaji wa viti hawakuandika vitabu. Mtu anayejua mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro, kilo juu ya bega na baridi kwenye vidole, hawezi kuipita habari hiyo haraka. Lakini pia ni kweli kwamba treni iliufungua mlima kwa waliokuwa hawana fedha za kukodi migongo ya watu wanne, na kwa walemavu, na kwa wazee. Mambo hayo mawili yalitokea pamoja, na sioni sababu ya kulificha moja kwa ajili ya lingine.

Wapo wanaodhani kuwa ukipanda kwa treni hujatembea mlima. Siafikiani nao. Kutoka Kaltbad kwenda Scheidegg kuna njia ya kilomita zipatazo saba iliyo karibu tambarare kabisa, kwa sababu inafuata tuta la reli nyingine iliyojengwa enzi za hoteli kubwa na kufungwa mwaka 1931. Reli zenyewe zimeng'olewa. Limebaki tuta, handaki fupi na daraja la chuma. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kwenda humo polepole, maji ya ziwa yakiwa chini yake upande wa kulia na theluji za mbali zikiwa mbele, akaona yote anayoyaona kijana aliyetoka jasho tangu Weggis. Kama ningekuwa na siku moja tu ya kumpeleka mama yangu kwenye Alps, ningempeleka njia hiyo.

Chini kidogo ya stesheni ya Staffel, kwenye bonde lililojificha, kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Theluji, lililoanzishwa mwaka 1689 kwa ajili ya wachungaji wa ng'ombe ambao kiangazi hawakuweza kushuka kusali. Waliolihudumia kwa vizazi ni watawa Wakapuchini. Shirika hilohilo la Wakapuchini wa Uswisi ndilo lililokabidhiwa misheni ya Dar es Salaam na Mahenge kuanzia mwaka 1921, baada ya Wajerumani kuondolewa, na mmoja wao, Edgar Maranta, ndiye aliyekuwa askofu mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam mwaka 1953. Mkatoliki wa Ifakara au Kwiro anayeingia katika kanisa lile la mlimani anaingia kwa watu ambao kwao wamefahamika kwa miaka mia moja.

Kileleni, Rigi Kulm, upande wa kaskazini mlima unakatika ghafla na Ziwa Zug linaonekana chini ya vidole vya miguu yako. Kusini, vilele vya barafu vinajipanga kutoka mashariki hadi magharibi. Wageni wa karne ya 19 walilala hapa hotelini na kuamshwa gizani kwa baragumu refu la mbao ili waone jua likichomoza. Mark Twain aliisimulia safari yake ya hapa katika kitabu cha mwaka 1880, na mchoraji William Turner aliuchora mlima huu tena na tena kutoka upande wa Luzern mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mimi nitapendekeza msimu mwingine: Oktoba na Novemba, siku ambazo ukungu umeufunika mji kwa wiki nzima na watu wa Luzern wanatembea wamejikunyata. Panda siku hiyo. Kwenye mita elfu moja hivi unatoboa ukungu, na kwa ghafla kuna jua, joto, mbingu ya buluu, na chini yako ukungu mweupe umejaa mabonde yote hadi upeo wa macho, vilele vikichomoza humo vikiwa visiwa. Nimeona watu wazima wakicheka peke yao wanapofika hapo.

Milima hii haikuwa wazi siku zote. Pilatus, ule wa upande wa pili wa Luzern, ulikatazwa kabisa kwa karne kadhaa. Watu waliamini kwamba maiti ya Pontio Pilato, yule aliyemhukumu Yesu, ilikuwa imetupwa katika ziwa dogo lililoko mlimani, na kwamba mtu akilichokoza angeshusha tufani juu ya mji. Serikali ya Luzern haikulichukulia jambo hilo kuwa hadithi ya bibi. Mwaka 1387 iliwafunga viongozi sita wa dini kwa kuthubutu kupanda. Mwanasayansi Conrad Gessner alipanda mwaka 1555, lakini kwa kibali cha wakuu wa mji. Mwaka 1585 kasisi wa Luzern, Johann Müller, alikwenda na kundi la watu hadi kwenye lile ziwa, wakatupa mawe majini na kumwita Pilato ajitokeze. Hakikutokea kitu. Miaka tisa baadaye ukingo wa ziwa ulibomolewa ili maji yatoke, na hofu ikaisha nayo. Leo unapanda kutoka Alpnachstad kwa njia ya miguu yenye kona nyingi, au kwa reli ya meno ya mwaka 1889 ambayo mwinuko wake unafika asilimia 48, na juu unakutana na watoto wanaotafuta mbuzi-mwitu wa Alps kwenye majabali kwa darubini.

Kutoka marufuku ya Pilatus hadi uhuru wa leo kuna kazi kubwa iliyofanywa na sheria, na sehemu hii mara nyingi huachwa na waandishi wa safari. Sheria ya kiraia ya Uswisi iliyopitishwa mwaka 1907, kifungu cha 699, inampa kila mtu ruhusa ya kuingia misituni na malishoni, hata pakiwa na mwenyewe, na kuchuma matunda ya porini na uyoga kwa kadiri ya desturi ya mahali. Mwenye shamba la malisho kwenye mteremko wa Rigi anaweza kukutaka ufunge lango nyuma yako. Hawezi kukukataza kupita kwa sababu tu hapendi sura yako.

Kisha likaja gari. Mwaka 1930 mwalimu mmoja wa Meilen, Johann Jakob Ess, aliwapeleka wanafunzi wake kutembea kwenye barabara ya mlimani ya Klausen, inayopanda kutoka Altdorf, kusini mwa ziwa letu. Barabara ile, iliyokuwa ya watembea kwa miguu na mikokoteni, ilikuwa imejaa magari. Watoto walikuwa wakikimbilia kando huku wakimezeshwa vumbi. Ess alirudi nyumbani na wazo kwamba watembea kwa miguu wawe na mtandao wao wenyewe, wenye alama zinazofanana nchi nzima. Mwaka 1933 yeye na Otto Binder walianzisha chama cha njia za miguu katika jimbo la Zürich, na mwaka uliofuata kikaundwa cha taifa. Vibao vya njano vikaanza kusimamishwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, jeshi liliagiza ving'olewe ili adui asipate wa kumwonyesha njia. Vita vilipokwisha, watu waliojitolea walivirudisha kimoja kimoja.

Ilipofika Februari 1979 wananchi waliulizwa kwa kura iwapo njia za miguu ziingizwe kwenye katiba. Zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura walikubali. Sheria iliyofuata, ya mwaka 1985, inayataka majimbo yachore mtandao wa njia, yaujenge, yauwekee alama na kuutunza, na endapo njia imeharibiwa au kufunikwa kwa lami, ipatikane nyingine badala yake. Leo mtandao huo una urefu wa zaidi ya kilomita 65,000. Najua nchi nyingi tajiri ambazo zina milima na fedha lakini hazina hili, na mpita njia wake anaambiwa na uzio ageuke arudi.

Kitazame kibao chenyewe kwa makini. Kinakuambia uendako kwa saa na dakika, na kilomita hazimo. Saa hizo zimekadiriwa kwa mtembezi wa kawaida anayekwenda kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, zikarekebishwa kwa mpando na mteremko, na mapumziko hayamo. Chai na picha ni juu yako. Kibao cha njano kitupu ni njia isiyohitaji ujuzi. Kikiwa na ncha ya rangi nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlima: miguu iwe thabiti na kichwa kisizunguke. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wenye uzoefu, mahali ambapo mikono nayo inafanya kazi. Alama hizo hupakwa juu ya mawe na mashina ya miti njia nzima, na wengi wanaozipaka ni watu wa kujitolea, wanaopanda majira ya kuchipua wakiwa na kopo la rangi, brashi na msumeno wa kukatia matawi yaliyoangushwa na theluji.

Watunzaji wengine wa mandhari hii wana miguu minne. Mteremko wa kijani unaoupiga picha haungekuwa hivyo bila ng'ombe. Kila mwanzo wa kiangazi mifugo hupandishwa kutoka mabondeni hadi malisho ya juu, na huko wafugaji hukaa nayo hadi Septemba, wakikamua asubuhi na jioni na kutengeneza jibini papo hapo. Mahali ambapo malisho yameachwa, vichaka hurudi, kisha msitu, na maua yanayohitaji jua yanatoweka. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza msimu huo wa malisho ya Alps katika orodha ya urithi usioshikika wa dunia. Katika majimbo haya ya ziwa bado kuna malisho ambako jioni mchungaji anasimama juu ya mwinuko, anaweka mdomoni bakuli la mbao lililotobolewa ili kuikuza sauti, na kuimba dua akiwaita Mungu, Maria na watakatifu walinde kila kilichomo kadiri sauti inavyofika. Mtembezi aliye na bahati ya kuwa karibu asimame tu na asikilize. Si onyesho la watalii.

Ng'ombe wenye ndama wapewe nafasi. Wakikutazama wote kwa pamoja, zunguka mbali, usiwaguse ndama, na kama una mbwa, wakija mbio mwachie akimbie.

Kwa mwenye miguu mizuri, matembezi ninayoyapenda kuliko yote hapa yako Stoos, kijiji kisicho na magari juu ya Schwyz. Kukifikia unapanda reli ya kuvutwa kwa kamba iliyofunguliwa Desemba 2017. Mwinuko wake unafika asilimia 110, yaani inapanda zaidi kuliko inavyokwenda mbele, na mabehewa yake ya mviringo hujizungusha ili abiria wasimame wima wakati wote. Kutoka Stoos unafika Klingenstock, mita 1,935, na hapo unaanza kutembea juu ya mgongo wa mlima kuelekea magharibi hadi Fronalpstock. Kibao kinakupa kama saa mbili. Njia inashuka kwa ngazi na kupanda tena, mara pana, mara nyembamba, huku bonde la Riemenstalden likiwa kushoto na Stoos kulia. Kelele za ng'ombe zinatoka pande zote mbili. Ziwa hulioni mwanzoni. Linajitokeza kidogo kidogo, kipande kwa kipande, na ukifika Fronalpstock linakuwa lote chini yako, karibu mita 1,500, na meli imeacha mstari mweupe mdogo kwenye maji ya kijani.

Hapo juu heshimu saa. Radi za Alps hupenda mchana wa kiangazi, na juu ya mgongo wa mlima mtu ndiye kitu kirefu kilichopo; toka asubuhi, na wingu likianza kujijenga kwenda juu, shuka. Kila unapopanda mita elfu, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo sweta liwemo hata gatini kukiwa na joto la kuogelea. Mwezi Juni theluji inaweza kuwa bado imelala kwenye mikunjo ya kaskazini. Upepo wa kusini wa föhn, mkavu na wa moto, huleta mbingu safi ajabu na vilele vikaonekana vimesogea karibu, lakini ndio unaochafua maji ya mkono wa Uri hadi meli zinashindwa kutia nanga. Ukipatwa na ajali piga 1414, namba ya helikopta za uokoaji za Rega. Pasipo mtandao, toa ishara mara sita kwa dakika, iwe kwa filimbi, tochi au kitambaa, pumzika dakika moja, kisha rudia. Anayetoka Afrika Mashariki aombe viza ya Schengen mapema. Kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Oktoba ndipo njia nyingi ziko wazi.

Wenyeji wanalo pia lalamiko lao, na lina haki. Kabla ya UVIKO-19 makundi ya watalii yaliyopandishwa Rigi kwa haraka, dakika chache kileleni na kushuka, yaliongezeka hadi watu wakatia saini kupinga. Mlima wa wote si mlima wa wote kwa wakati mmoja. Ukienda siku ya katikati ya wiki, ukashuka kwa miguu hata sehemu tu, ukanunua jibini kwa aliyelitengeneza, umewapunguzia mzigo.

Kutoka Fronalpstock, tazama ng'ambo ya maji: ile nafasi ndogo ya majani kati ya miti ni Rütli, ambako Waswisi wanasimulia kwamba watu wa Uri, Schwyz na Unterwalden walikula kiapo cha kuwa kitu kimoja, na mwaka 1291 ndio wanaouhesabu kuwa mwanzo wa taifa lao. Ni hapohapo ambapo Jenerali Henri Guisan aliwakusanya makamanda wake tarehe 25 Julai 1940, Uswisi ikiwa imezingirwa pande zote. Walivuka ziwa kwa meli ya mvuke Stadt Luzern, iliyoundwa mwaka 1928, na meli hiyo bado inabeba wapanda milima hadi leo.

Mwaka 1991, kwa kutimiza miaka 700, Waswisi walijenga njia ya miguu kuuzunguka mkono wa Uri, kilomita 35 kutoka Rütli hadi Brunnen. Waliigawa kwa kila mkazi milimita tano: mwenye benki wa Zürich milimita tano, mkamuaji wa Muotathal milimita tano, fundi wa kigeni aliyekuja kuchimba mahandaki na kuhesabiwa katika sensa naye milimita tano. Kila jimbo likapewa kipande kulingana na idadi ya watu wake, na mawe ya mpaka yamechongwa majina. Vipande vimepangwa kwa mwaka ambao kila jimbo lilijiunga na muungano, kwa hiyo ukitembea kutoka Rütli unaanza na yale matatu ya kiapo, unapita Bauen, Flüelen na Sisikon, na kabla ya gati la Brunnen unafika kwenye kipande cha mwisho. Ni cha Jura, jimbo lililozaliwa Januari 1979, mwezi mmoja kabla ya ile kura ya njia za miguu.